Taisia Zabolotna na Albamu Iliyorudi na Treni

Jambo la kwanza ambalo Solomiia, mpwa wa Taisia anayewasomea wasifu huu, alilitambua kwa mama yake mdogo ni kwamba hakuimba akiwa amevaa viatu. Ilikuwa harusini, kiangazi cha mwaka 1994, na Solomiia alikuwa na umri wa miaka minne. Mama yake mdogo alisogea mbele ya wageni mia moja na ishirini, akavua viatu vyake vyeupe, akavisukuma chini ya meza ya keki, ndipo akafungua kinywa. Mtoto alipomuuliza baadaye, alijibiwa, "Solomiyka, viatu ni vya kutembelea. Kuimba ni kusimama." Miaka kumi na tisa imepita, na jibu hilo bado linamtosha.

Marehemu Taisia Korniyivna Zabolotna alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika kijiji cha Vyshneva Balka, mkoa wa Kherson, akiwa mtoto wa pili wa mzee Korniy, dereva wa trekta, na Paraskeviia, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika. Mama yake husimulia kwamba ng'ombe mmoja aitwaye Zirka alikuwa hatoi maziwa mpaka Taisia aimbe. Baba yake hakuliamini jambo hilo. Alimpeleka binti kwa shangazi yake kwa wiki moja ili kupima, na siku ya tatu akaenda mwenyewe kumrudisha.

Alisoma katika shule ya kijijini hapo kuanzia mwaka 1968 hadi 1976. Kisha alijiunga na chuo cha muziki mjini Kherson, akahitimu mwaka 1980 kama mwalimu wa kwaya. Mwaka huohuo alipangiwa kazi Kryvyi Rih, katika Jumba la Utamaduni la wachimbaji wa chuma, na hapo ndipo alipojifunza kuishi kwa Kirusi cha mjini, lugha ya tramu, ya foleni na ya mabehewa. Alifundisha kwaya tatu: ya watoto, ya wapishi wa kantini, na ya wachimbaji wastaafu, ambao aliwaita "vijana wangu."

Jumbani hapo alikutana na Leonid Hnatovych Prokopets, fundi umeme wa mgodini aliyekuja kutengeneza vipaza sauti. Alikuja mara nne ndani ya mwezi mmoja. Mara ya nne Taisia alimuuliza, "Fundi, wewe unatengeneza au unaharibu?" Leonid, mtu asiye na maneno mengi, alijibu, "Naharibu kidogo tu, ili nipate kurudi." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Mei 1984, na mwaka 1989 wakajaliwa binti yao, Orysia.

Mwaka 1995 Jumba lilifungwa milango. Taisia akawa mwimbaji wa harusi na wa mkahawa mmoja karibu na stesheni. Aliimba nyimbo za watu wengine, na wageni walimwita kwa kupiga vidole: "We dada, tuimbie ile ya juzi!" Hakulalamika. Lakini nyumbani alikuwa na daftari la kijani ambamo aliandika nyimbo zake mwenyewe, na alikuwa na shauku moja ambayo Leonid peke yake aliijua: walau mara moja maishani, watu wasikie sauti yake na kujua ni ya nani.

Tarehe 4 Februari 1998 wawili hao walianza kurekodi. Hawakuwa na studio. Walikuwa na sebule ya ghorofa ya tatu. Leonid alishusha zulia la ukutani, akalizungushia kabati la nguo, akaning'iniza mablanketi mawili ya pamba, na ndani ya kabati hilo Taisia alisimama, peku kama kawaida yake, kwa sababu sakafu ya mbao ililia kila alipobadilisha mguu. Shida ilikuwa majirani. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na jirani wa chini, Bibi Motria, alikuwa na desturi ya kuponda nyama ya katlesi kila alasiri kwa nguvu za mhunzi. Taisia alibandika tangazo mlangoni pa ngazi: "Ndugu wapendwa, Jumatano na Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, tunaomba msiponde nyama, msitoboe kuta, wala msimwite mtoto Vasko kutoka dirishani. Tunarekodi."

Bibi Motria alipanda ngazi siku hiyohiyo, nyundo ya nyama mkononi.

"Mnarekodi nini, mwanangu?"

"Nyimbo, bibi. Albamu nzima. Nyimbo kumi."

"Za mapenzi?"

"Za mapenzi."

"Anaachwa nani?"

"Wanaachana wote wawili."

Bibi Motria alitafakari. "Basi nitaponda asubuhi," alisema. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa ngazi. Alimtoa mbio fundi bomba, akamnyamazisha mbwa wa ghorofa ya tano kwa mifupa, na kila wimbo ulipokwisha aligonga bomba la kupashia nyumba joto kwa kijiko mara moja akiupenda, mara mbili akitaka urudiwe. Taisia alimwambia dada yake Halyna kwamba hajawahi kuwa na mwalimu mkali kuliko kile kijiko.

Kitu kimoja tu hakikuweza kuzuiwa na Bibi Motria. Siku walipokuwa wakirekodi wimbo wa sita, mgodini walilipua baruti bila mtu kutarajia. Vioo vilitetemeka, vikombe vikalia kabatini, na mshindo mzito ukaingia kwenye mkanda katikati ya ubeti wa mwisho. Leonid alinyoosha mkono kuzima mashine.

"Acha!" Taisia alisema kutoka kabatini. "Huo ni mji wetu unapiga ngoma. Unajua ingelitugharimu kiasi gani kumwita mpiga ngoma wa namna hiyo?"

Mshindo ukabaki. Albamu iliitwa *Chai ya Pili*, kwa jina la wimbo wa kwanza, unaomhusu mwanamke anayeendelea kukaa mezani baada ya wageni wote kuondoka.

Kampuni moja ya kaseti mjini Moscow ilikuwa imeusikia wimbo mmoja na kuonyesha nia. Lakini mwezi Agosti mwaka ule uchumi wa kule ulianguka, na kampuni ikapunguza orodha yake. Mwezi Novemba walipiga simu: imebaki nafasi moja kabla ya Mwaka Mpya, mkanda mkuu uwe mikononi mwao Ijumaa, tarehe 27, kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo nafasi itapewa mwimbaji mwingine. Mkanda ulikamilika tarehe 20. Orysia alikuwa amelala na tetekuwanga, kwa hiyo Taisia hakuweza kusafiri. Wakafanya kama kila mtu afanyavyo kwetu, anayetuma dawa, funguo, au meno ya bandia ya babu: wakampa mhudumu wa behewa.

Mhudumu huyo alikuwa Raisa Pylypivna wa behewa la saba, treni ya Kryvyi Rih kwenda Moscow. Alhamisi Leonid alimkabidhi boksi la chokoleti lililofungwa kwa taulo, na ndani yake mkanda mkuu pamoja na kaseti moja iliyoandikwa "ya kusikiliza." Jina la mwimbaji aliliandika kwenye barua, na barua aliiweka mfukoni mwake ili asiisahau. Kisha akaisahau. Hata hivyo hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa la saa.

Moscow iko mbele yetu kwa saa moja. Leonid, kwa kuwa ni mtu makini, alitazama ratiba, akaona treni inafika saa sita kasoro dakika ishirini mchana, akaongeza saa moja, akaipigia kampuni simu: tarishi wenu aje saa saba kasoro dakika ishirini. Tarishi alikuja kwa wakati aliotajiwa. Alikuta jukwaa tupu na mfagizi mmoja. Treni ilikuwa imeshapelekwa kuoshwa, na Raisa Pylypivna, baada ya kusubiri na boksi kifuani mpaka alipoamriwa kurudi ndani, alikuwa amekwenda nalo.

Simu ililia jikoni. Taisia alisikiliza, akasema "Nimeelewa," akaweka chombo cha simu taratibu.

"Lionia, uliwaambia saa ngapi?"

"Saa saba kasoro ishirini. Kwenye ratiba ni sita kasoro ishirini, nikaongeza saa ya Moscow."

"Mpenzi, kituo cha Moscow huandikwa kwa saa ya Moscow."

Leonid aliitazama tena ratiba. "Kwa hiyo nimeongeza kitu kilichokwisha kuongezwa."

"Ndiyo."

"Nafasi?"

"Wameshampa mwingine. Hawakungoja hata jioni."

Leonid alikaa kwenye korido akiwa na ratiba magotini, na hakukubali kula. Mwishowe Taisia alimletea sahani ya varenyky, sambusa za kuchemsha, akaketi sakafuni kando yake. "Wanawake wengine," alimwambia, "huchelewa kwa sababu ya foleni, au ya nywele. Mimi nimechelewa Moscow bila kutoka jikoni. Kula." Halyna, aliyekuwepo siku hiyo, anasema ndiyo mara pekee aliyomwona dada yake akifanya mzaha huku machozi yakimtiririka.

Wasichokijua ni kilichokuwa kikitendeka kwenye reli. Treni ilianza safari ya kurudi jioni ileile, imejaa wafanyabiashara wa sokoni na mifuko yao mikubwa ya mirabaraba. Fundi wa redio ya treni alikuwa na kaseti mbili tu, na moja ilikuwa imeliwa na mashine. Abiria walinung'unika. Raisa Pylypivna akakumbuka boksi. Alimpa fundi ile kaseti ya kusikiliza: "Nusu saa tu, mwanangu, halafu unirudishie. Ni ya watu."

Kaseti ilicheza mpaka mwisho. Behewa la tatu likatuma mtu kuomba irudiwe. Behewa la tisa likatuma wawili. Asubuhi, mpakani, askari mmoja alisimama mlangoni na pasi za watu mkononi mpaka wimbo wa nne ulipokwisha, ndipo akaendelea na kazi. Na katika behewa la saba mama mmoja aliyekuwa akileta redio za kuuza alifungua boksi lake, akatoa yenye matundu mawili ya kaseti, akaanza kunakili.

Jumamosi jioni Taisia alikwenda mwenyewe stesheni kuchukua mkanda wake. Raisa Pylypivna alishuka ngazi za behewa, akamtazama juu hadi chini.

"Wewe ni ndugu wa yule anayeimba?"

"Ni mimi ninayeimba."

"Wee! Mdogo hivi?" Raisa alimkumbatia na boksi katikati yao. Kisha akamwachia, uso umembadilika. "Dada, nina dhambi. Niliwapigia watu kaseti yako. Na wamenakili. Sijui ngapi. Ishirini, labda zaidi. Nitukane tu, nimesimama hapa."

Taisia alimtazama. "Walisemaje?"

"Waliuliza wewe ni nani."

"Ukawaambia nini?"

"Ningewaambia nini? Boksi limeandikwa chokoleti!"

Basi albamu ikatoka, bila kampuni, bila picha na bila jina. Kufika Mwaka Mpya ilikuwa katika kila soko kuanzia Kharkiv hadi Kherson. Madereva wa teksi waliipiga, vinyozi waliipiga. Mkahawani, wageni walimpigia Taisia vidole: "We dada, tuimbie zile za Mwimbaji wa Treni!" Naye aliziimba, na mgeni mmoja alimpongeza kwamba amekaribia kabisa kumfikia mwenyewe.

Hilo ndilo lililomchoma. Nyimbo zilikuwa za kila mtu, na yeye hakuwamo. Jumapili, tarehe 17 Januari 1999, alikwenda na Leonid soko kuu la mji. Muuza kaseti, kijana mwenye kofia ya manyoya aitwaye Edik, alimsogezea kaseti kabla hajauliza.

"Chukua hii, mama. Inaliza mpaka madereva wa malori."

"Nani anaimba?"

"Mwimbaji wa Treni."

"Hana jina?"

"Alikuwa nalo. Amekufa, maskini."

"Amekufa? Lini?"

"Vuli hii iliyopita, palepale studio. Wimbo wa sita. Ngoja nikusikilizishe." Edik aliisogeza kaseti mbele, mshindo ukasikika. "Umesikia? Hapo ndipo alipoanguka."

Leonid, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliuliza, "Alikuwa na uzito gani?"

"Usicheke marehemu, baba!"

"Huo ni mlipuko wa mgodini," Taisia alisema. "Nilikuwepo."

"Siku hizi kila mtu alikuwepo. Jana amekuja mmoja anasema marehemu alikuwa mke wake."

Taisia hakubishana tena. Aliokota kipande cha boksi, akakitandika juu ya theluji iliyokanyagwa, akavua buti zake, akasimama juu yake na soksi za sufu, maana baridi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Akaanza ubeti wa mwisho wa wimbo wa sita, sambamba na kaseti. Edik alizidi kufumbua macho. Kisha, polepole, alinyoosha kidole na kuizima kaseti. Sauti ikaendelea, ileile, bila kupungua. Muuza samaki wa meza ya pili aliweka mizani chini. Mama mmoja mwenye kapu la mayai alijipiga ishara ya msalaba. Wimbo ulipokwisha soko lote la upande ule lilikuwa limesimama, na Edik amevua kofia.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mbona uko hai?"

"Nina kazi nyingi," Taisia alijibu, akivaa buti.

Edik alitoa kalamu. Alikuwa na kaseti arobaini na tatu mezani, na juu ya kila moja, kwa herufi za mkono, aliandika: Taisia Zabolotna. Ya kwanza alimpa muuza samaki. Zile zilizonakiliwa kutoka hapo zilibeba jina, na zile zilizonakiliwa kutoka hizo pia, na jina likasafiri kwenye mifuko ileile ya mirabaraba iliyokuwa imesafirisha sauti.

Wiki tatu baadaye kampuni moja ya Kyiv ilimtuma mtu Kryvyi Rih kwa mkataba. Alikuja na kaseti mkononi, yenye mwandiko wa Edik. Albamu *Chai ya Pili* ilitolewa rasmi Ijumaa, tarehe 5 Machi 1999, ikiwa na picha yake na jina lake, siku tatu kabla ya Siku ya Wanawake, na mwaka ule wanaume wa mji huu walinunua kaseti na maua ya tulipu kwa foleni moja. Elfu kumi za kwanza zilikwisha kwa siku nne. Mshindo wa baruti ulibaki mahali pake, kwa sharti la mwimbaji mwenyewe. Kampuni ya Moscow nayo ilipiga simu, ikisema kwa uchangamfu kwamba nafasi yake ilikuwa inamngoja muda wote. Taisia alimpa Leonid chombo cha simu: "Lionia, wajibu wewe. Na uwaongezee saa moja."

Tarehe 24 Aprili Jumba la Utamaduni lilifunguliwa kwa ajili yake. Wapishi wa kantini walikuwepo, wastaafu wake walikuwepo na nishani zao, Raisa Pylypivna alikuja na sare ya reli. Mtangazaji alipolitaja jina lake, ukumbi ulisimama kabla hajatokea. Bibi Motria, mstari wa mbele, alikuwa amekuja na kijiko, na aligonga mara mbili kwenye kila kiti alichokifikia, mpaka nyimbo zote kumi zikarudiwa. Baada ya siku hiyo hakuna mtu aliyempigia Taisia Zabolotna vidole tena.

Aliimba miaka kumi na miwili mfululizo, kutoka Lviv hadi Vladivostok. Aliendelea kukaa ghorofa ya tatu, na aliifundisha tena kwaya ya watoto bila kukosa Jumanne hata moja aliyokuwa mjini.

Mwezi Oktoba 2011 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Dnipropetrovsk na Kyiv, na wauguzi wanasema wodi yake ilikuwa na makelele kuliko zote. Alipopata nafuu, majira ya baridi yaliyopita, alirudi ndani ya kabati lilelile na kurekodi albamu ya pili, hii kwa Kiukraine cha mama yake. Alirekodi akiwa ameketi. Wimbo wa mwisho aliumaliza tarehe 30 Aprili 2013. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni, saa tano asubuhi, Leonid akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ameacha mume, Leonid Hnatovych. Binti, Orysia, na mkwe, Artem. Mama mzazi, Paraskeviia Yukhymivna. Dada, Halyna, na mpwa, Solomiia. Pamoja na watoto thelathini na wanane wa kwaya ya Jumanne. Udongo wa Kryvyi Rih umlalie mwepesi kama manyoya, na apate pumziko alilojinyima akiwa hai.

Wengi wamewauliza wafiwa iwapo uzinduzi wa albamu hiyo ya pili utaahirishwa. Solomiia alimuuliza mwenyewe, wiki mbili kabla hajaondoka, naye alikasirika kweli. "Kuahirisha? Tikiti zimeshanunuliwa! Nitakayekosa ni mimi, si nyimbo." Kwa hiyo ni Jumamosi, tarehe 21 Septemba, katika Jumba la Utamaduni. Viti vyote vimekwisha, na Leonid anaweka vipaza sauti uwanjani kwa watakaosimama. Hakuna aliyeisikia bado, isipokuwa yeye na majirani wa ngazi ile, na majirani wameapa kutosema neno. Milango itafunguliwa saa kumi na moja jioni.